Mkono Uliokubaliwa na Bishaar

Nilipokuwa mtoto, mtaani kwetu Iftin, mjini Garissa, haikuwa adabu kumtazama mtoto wa mwenzako akila. Ungeweza kumtazama akilala, akilia, akikimbiza kuku, hata akiogeshwa kwenye beseni katikati ya ua, na hakuna aliyekusema. Lakini mtoto akishika chakula, mgeni mwenye adabu aligeuza uso kidogo, akajifanya anaangalia mbuzi, na kama macho yake yalikuwa yameshaangukia sahani, alisema Mashallah haraka na kwa sauti ya kusikika. Tuliamini kwamba jicho la mtu, hata mtu mwema, likimshangaa mtoto bila jina la Mungu kutajwa, humfunga hamu ya kula. Hatukuliita uchawi. Mchawi hukusudia anachofanya. Jicho lilikuwa kama mafua, mtu aliweza kukuambukiza huku anakupenda na kukuchekea.

Nimeyakumbuka haya kwa sababu sasa ninaye wangu, binti wa miaka miwili, ambaye leo asubuhi ameulisha mkeka uji wote kisha akanionyesha bakuli tupu kwa fahari. Nilicheka. Mama yangu, aliyekuwa ameketi pembeni na kikombe chake cha chai, alisema Mashallah kwanza, ndipo akacheka. Nikarudi moja kwa moja hadi mwaka ule mdogo wangu Bishaar alipofunga mdomo.

Bishaar alikuwa mtoto wa kusubiriwa. Kati yangu na yeye alikuwepo msichana, Ifrah, aliyeanza kwa kukataa maziwa na asimalize mwezi. Mama hakuwa akimtaja. Ila Bishaar alipozaliwa, mnene na mwenye sauti kubwa, Mama aliyaelekeza macho yake yote kwenye mdomo wa yule mtoto. Alichokula alikijua, alichotema alikijua, na Baba akipiga simu kutoka Mandera, alikokuwa akipeleka mizigo kwa lori, jambo la kwanza aliloambiwa lilikuwa Bishaar amekula nini. Na Bishaar alikula kweli. Alikula mikate laini ya anjera kwa samli na sukari, alikula wali, tambi, maini, alikunywa maziwa ya ngamia hadi yakamfanyia masharubu. Siku moja alikula chaki yangu ya shule, na Mama akanigombeza mimi.

Jirani yetu wa karibu kuliko wote alikuwa Mama Mwende. Nyumba yetu na yake zilikuwa chini ya bati moja, ukuta mmoja katikati na kibaraza kimoja mbele. Alikuwa Mkamba, aliyekuja Garissa na mume wake dereva. Mume alipofariki, watu wa kwao Kitui walimtaka arudi nyumbani, naye akawaambia wateja wake wako huku. Alikuwa fundi cherehani, na sare za shule za nusu ya mtaa zilipita mikononi mwake. Binti yake, Mwende, alisomea Kitui kwa bibi yake na tulimwona likizo ya Desemba tu, kwa hiyo mapenzi ya mama yake yalituangukia sisi mwaka mzima. Kiswahili hiki ninachoandika kilianzia kwenye kibaraza chake. Nyumbani tulizungumza Kisomali, shuleni mwalimu alikuwa na haraka, lakini Mama Mwende alizungumza nami taratibu kama mtu mzima mwenzake, mguu ukikanyaga cherehani, mimi nikimwokotea vipande vya vitambaa. Kila asubuhi Mama alinituma kwake na chupa ya chai ya maziwa, na kila asubuhi chupa ilirudi na kitu juu yake, ndizi, kipande cha muwa, au kifungo kizuri kilichobaki.

Idi ya mwaka ule mvua ilikuwa imenyesha kupita kiasi. Barabara ya kutoka Kotile, alikoishi bibi yangu mzaa baba, tuliyemwita Ayeeyo, ilikatika, na kwa mara ya kwanza tulikula Idi bila yeye. Mama alisikitika, mtaa mzima ukasikitika, kwa sababu Ayeeyo hakuwa akija mikono mitupu. Asubuhi Mama Mwende alikuja kunijaribishia gauni langu jipya, lililokuwa likinibana kiunoni. Alipiga magoti mbele yangu, pini zimejaa mdomoni. Pembeni, Bishaar alikuwa na sahani ya maini na anjera, akila kwa mikono yote miwili, mafuta yakimtiririka hadi viwikoni. Mama Mwende akamwona. Akazitoa pini mdomoni ili acheke vizuri.

"Haki huyu mtoto!" akasema. "Hebu muone anavyokula! Huyu atamaliza ng'ombe wa Garissa yote!"

Kisha akazirudisha pini na kuendelea na kiuno changu. Mashallah haikutajwa. Siku nyingine zote aliitaja, maana alikuwa ameishi nasi miaka ya kutosha kuijua adabu yetu, lakini siku ile pini ziliwahi kurudi mdomoni. Na mlangoni alikuwa amesimama Halimo wa nyumba ya tatu, aliyekuja kuazima sinia. Halimo alikuwa mwanamke asiyepitwa na neno.

Haikupita wiki, Bishaar akaacha kula.

Sisemi alipunguza. Alifunga mdomo kama mtu anayelinda siri, na ukimsogezea tonge alitikisa kichwa hadi mashavu yakapigana. Nikitoka shule, kazi ya kumlisha ilikuwa yangu. Nilimwimbia. Niligeuza anjera kuwa mbuzi, nikaifanya ilie mee, nikaitembeza mkononi mwangu hadi begani kwake. Alicheka, na mbuzi alipofika mdomoni, mdomo ukafungwa. Nilikula mimi mbele yake nikijilamba vidole, na kwa hakika mwaka ule nilinenepa. Alichokubali ni chai ya maziwa yenye sukari nyingi, kikombe baada ya kikombe, mchana kutwa. Zahanati walimpima, wakatazama masikio na koo, wakasema mtoto ni mzima, pengine ni magego yanaota na joto limezidi, mpeni muda. Mama alirudi nyumbani na jibu lile amelibeba kama mzigo. Ifrah naye alikuwa amepewa muda.

Basi akaanza kumlazimisha. Alimfunga mikono kwa leso, akamlaza mapajani, akamimina uji kwenye kiganja na kuusukuma mdomoni, kama alivyofanyiwa yeye alipokuwa mdogo huko Wajir. Bishaar alilia, Mama alilia, na uji ulikwenda kila mahali isipokuwa tumboni. Sijawahi kuiogopa saa ya chakula kama nilivyoiogopa miezi ile.

"Hili ni jicho," Halimo alimwambia Mama siku moja, akiwa ameketi jikoni kwetu. "Na la nani, unajua. Mimi nilikuwa mlangoni."

Mama aliendelea kuchochea moto. Ila kesho yake asubuhi sikutumwa na chupa ya chai. Keshokutwa yake pia sikutumwa. Kisha nikaambiwa nisishinde kibarazani, na Bishaar asipelekwe tena kucheza na vitambaa. Mtaa ulikuwa na masikio. Mwanamke mmoja alikuja kuchukua kitambaa chake kabla hakijashonwa, akisema ameahirisha. Halafu mwingine. Siku moja nikipita na ndoo ya maji, Mama Mwende aliniita kwa sauti ya chini.

"Sahra, mama yako nimemkosea nini?"

"Anaumwa na kichwa," nikasema.

"Kichwa cha wiki tatu?"

Nikahamishia ndoo mkono wa pili, nikaenda zangu. Jioni ile nilimsikia kupitia ukuta akizungumza na dada yake kwa simu, kwa Kikamba. Sikuelewa Kikamba, lakini nilisikia neno Kitui na neno cherehani. Nilikuwa na miaka tisa, nikijua mambo mawili tu makubwa duniani: mdogo wangu anakonda, na Mama Mwende ataondoka. Yote mawili niliyaona yamefungwa ndani ya mdomo mmoja mdogo.

Barabara ilipokauka, Ayeeyo alifika. Alishuka kwenye pikapu ya mizigo na dumu la maziwa ya ngamia, mbuzi mmoja aliyekasirika, na fimbo yake. Kabla ya kuketi alimtaka Bishaar. Alimbonyeza tumbo, akamvuta shavu, akaingiza kidole ndani ya mdomo na kukitoa haraka kwa sababu alikuwa ameng'atwa.

"Nguvu anazo," akasema. Kisha akamgeukia Mama. "Haya. Nasikia mnasema ni jicho. La nani?"

Mama, aliyemwita mama mkwe wake Hooyo kama alivyomwita mama yake mzazi, alisogea akamnong'oneza jina. Wao walizungumza Kisomali, mimi ndiye ninayewatafsiri.

"Uliliona likitoka?" Ayeeyo akauliza. "Lilikuwa na rangi gani?"

"Hooyo, usinicheke."

"Sikucheki. Nimeuliza rangi."

Mama akaanza kulia. Akalitaja jina la Ifrah, nami nikashtuka, kwa kuwa lilikuwa halijatajwa ndani ya nyumba ile tangu nilipoanza kukumbuka mambo. Ayeeyo akaacha mzaha. Alimshika mkwewe mkono, akakaa naye vile kwa muda, akisoma dua kwa midomo bila sauti.

Ayeeyo mwenyewe aliliamini jicho. Nisije nikamfanya mtu wa leo. Aliliamini kama alivyoamini kiu na kupe. Lakini alikuwa na njia yake. Alisema jicho halipewi jina la mtu, kwa sababu ukilipa jina utamwondoa mtu na jicho litabaki. Dawa aliyoijua kutoka Kotile ilikuwa kuwaita wanawake wote waliowahi kumwona mtoto akila, wapikiwe, na kila mmoja ampe mtoto tonge kwa mkono wake huku akisema Mashallah na kumtemea mate mepesi ya baraka. Mwenye jicho atakuwa amelitoa katikati ya wenzake, na hakuna atakayejua ni nani, pengine hata yeye mwenyewe hatajua.

"Wote?" Mama akauliza.

"Wote. Na fundi."

Ulikuwa mpango wa busara, na ungefaa sana kama Halimo angekuwa anaishi mtaa mwingine. Kufikia siku iliyofuata, maneno yalikuwa yameongezewa mkia. Wanawake walikuwa wakiambiana kisimani na dukani kwamba aliyefunga ndiye peke yake awezaye kufungua, kwa hiyo mkono utakaokubaliwa na mtoto ndio wenye jicho. Ayeeyo hakulisema hilo hata mara moja. Lakini likasambaa, na karamu yake ya baraka ikageuka mahakama kabla mbuzi hajachinjwa.

Mimi ndiye niliyetumwa kumwalika Mama Mwende. Nilimkuta akitia uzi kwenye sindano.

"Na mimi?" akauliza.

"Ayeeyo amesema na wewe."

Akaitazama sindano. "Watu wanasemaje huko nje, Sahra? Niambie tu."

Nikamwambia. Nilimwambia yote, pini, Idi, jicho, na habari ya mkono utakaokubaliwa. Alinisikiliza bila kunikatiza.

"Kwa hiyo akinikataa, niko salama."

"Ndiyo."

"Na akikubali?"

Nilitazama miguu yangu. Yeye akapitisha uzi, akaukata kwa meno, akafunga fundo.

"Haya," akasema. "Mwambie Ayeeyo nitakuja."

Walikuja baada ya sala ya alasiri, wakavua viatu mlangoni na kujaza mikeka yote miwili. Masinia ya wali na nyama yaliwekwa katikati. Ayeeyo aliketi na Bishaar mapajani, akasoma, akamwagilia baraka kila aliyekuwepo, na shughuli ikaanza. Halimo alijitolea kuwa wa kwanza. Alimsogezea tonge, Bishaar akageuza uso, na Halimo akashusha pumzi kama mtu aliyefaulu mtihani. Aliyemfuata alikataliwa, akatabasamu. Wa tatu alilipitisha tonge mbele ya mtoto kwa kasi hivi kwamba hata angelitaka asingeliwahi. Mmoja, namjua na simtaji, alilichovya tonge lake kwenye pilipili. Nilimwona kwa macho yangu. Sijawahi kuwaona wanawake wakifurahia kukataliwa kama siku ile, na leo nacheka, lakini siku ile nilikuwa nikihesabu waliobaki, maana zamu ilikuwa ikielekea mlangoni.

Mama Mwende alikuwa ameketi pale mlangoni, amejifunga leso kichwani. Zamu ilipomfikia hakusogea. Alichukua wali kidogo na kinofu cha nyama, akaviviringa pamoja, akaliacha tonge kwenye kiganja kilicho wazi juu ya goti lake. Halafu akamgeukia mwanamke wa pembeni na kuanza kumuuliza habari za kola ya shati la mwanawe, kama ilimtosha au ilimbana. Hakumtazama Bishaar hata kidogo. Sasa najua kwamba ndivyo alivyokuwa akifanya siku zote pale kibarazani. Aliacha kitu karibu na mtoto na kuendelea na kazi zake.

Bishaar akateleza kutoka mapajani mwa Ayeeyo. Akavuka mkeka, akakanyaga vidole vya mtu, akasimama mbele ya lile goti. Akaliangalia tonge. Akalichukua kwa vidole vyake mwenyewe, akalitia mdomoni, akatafuna.

Mikono ilisimama juu ya masinia. Hata habari ya kola ilikatika katikati. Mama Mwende alitazama kiganja chake kitupu, kisha akainua macho na kuwatazama wanawake mmoja mmoja, hadi akamfikia Mama. Mama alikuwa ameziba mdomo kwa shungi lake. Nilitamani Mama Mwende afunge mkono, auweke nyuma, aseme basi, tonge moja linaweza kuwa bahati. Nilitamani sana.

Bishaar akafungua mdomo akingoja.

Mama Mwende akasogeza sinia karibu, akaviringa tonge la pili. "Mashallah," akasema. Akampa. Akaviringa la tatu, akampa. Mtoto alikuwa akila kwa pupa, wali ukimbaki kidevuni, na mama wa watu aliendelea kumlisha mbele ya wote, huku kila tonge likimzamisha zaidi.

"Si niliwaambia?" Halimo akasema kwa Kisomali.

Ayeeyo akagonga mkeka kwa fimbo. Alipozungumza, alizungumza Kiswahili. Alikuwa na Kiswahili cha kuuzia mbuzi tu na alikitumia kwa shida, na nilijua mara moja anakitumia ili Mama Mwende asikie kila neno kwa masikio yake.

"Halimo, nyamaza. Jicho ni yangu."

Watu wakageuka.

"Mimi nakuja hapa Idi. Naona huyu kijana nakula maini, mikono mbili, mafuta nafika hapa." Akagusa kiwiko chake. "Mimi nasema kwa roho, wallahi, huyu tumbo yake ni ya ngamia. Nasahau Mashallah. Mimi mzee, akili nabotea. Jicho ni yangu, mimi nafunga mtoto. Huyu fundi iko na mkono fizuri tu. Fizuri sana."

Akamwita Bishaar, akamtemea baraka kichwani, tfu, tfu, akasema Mashallah kwa sauti ambayo nadhani ilifika sokoni. Akamrudisha kwa Mama Mwende amalizie kula.

Sasa, mimi nilikuwa mwanafunzi mkweli, wa wale wanaomkumbusha mwalimu kwamba amesahau kutoa kazi ya nyumbani. Nikafungua mdomo.

"Lakini Ayeeyo, Idi wewe huku—"

Tonge likaingia. Lilikuwa kubwa kuliko mdomo wangu, na lilikuwa limetoka mkononi mwa Mama, ambaye sikumwona akisogea.

"Kula, Sahra," akasema, naye kwa Kiswahili. "Chakula kinapoa."

Nilitafuna. Nilitafuna muda mrefu. Nilipoinua macho, Mama alikuwa ameinuka, amevuka mkeka, ameketi kando ya Mama Mwende bega kwa bega. Hakuomba radhi mbele ya watu. Alianza kula upande uleule wa sinia, na baada ya kidogo akachambua mfupa, akaweka nyama yote mbele ya mwenzake. Mama Mwende alitazama ile nyama, akajifuta macho kwa ncha ya leso, akala. Kuhusu Halimo, nilimwona ameinua kidole kimoja kama mtu anayetaka kuhesabu kitu, Idi, mvua, barabara. Kisha akakishusha.

"Pole, Ayeeyo," akasema. "Sote tunasahau."

Nisidanganye kwamba Bishaar alipona siku ile kama kwenye hadithi. Kesho yake alikataa anjera, na keshokutwa akaitupia kuku. Lakini ile leso ya kumfungia mikono haikutumika tena. Kila mchana alipelekwa kibarazani, akawekewa sahani karibu na cherehani, na hakuna aliyemtazama. Siku alizotaka alikula, siku ambazo hakutaka, kuku walishukuru. Magego yakaota. Chai ikapunguzwa. Vitambaa vilivyochukuliwa vilirudi kimoja kimoja, na Mama Mwende akashona gauni la Halimo kwa uangalifu uleule. Leo Bishaar ni dalali wa mifugo, mlangoni anaingia kwa kujipinda, na nyumbani kwake hakuna kinachobaki kwenye sufuria. Mashallah.

Nimewahi kumuuliza Mama kama wale wanawake walimwamini Ayeeyo. Alinitazama kama alivyokuwa akinitazama nikirudi kutoka shule bila kiatu kimoja. "Nani angemwamini?" akasema. "Mtaa mzima ulijua hakuja. Walikuwa wamemkosa siku nzima." Ayeeyo ameshatangulia mbele za haki, na alikuwa mtu wa kuogopa uongo, akikuuzia mbuzi mgonjwa alikwambia mwenyewe kwamba ni mgonjwa. Huwa nafikiria kwamba aliwapa wanawake wale mlango wa kutokea, nao wakapita wote, kimyakimya, kila mmoja akijua alichokuwa akikiacha nyuma. Kama jicho lipo au halipo, sijui. Mashallah naisema, na binti yangu naye ameanza kuisema, akiwaambia kuku.

Mama Mwende aliishi nasi miaka mingi baada ya hapo, hadi Mwende alipopata watoto na yeye akarudi Kitui kuwalea. Mwaka jana nilimtembelea na binti yangu. Tulikaa uani kwake, mtoto akaachiwa kiazi kitamu karibu na mguu wa bibi na hakuna aliyemtazama. Nikamuuliza jambo nililolibeba tangu nikiwa na miaka tisa. Siku ile, alipoona tonge la kwanza limekubaliwa, hakuogopa?

"Niliogopa sana," akasema. "Nilijua nikimpa la pili nimekwisha. Usiku huo ningefungasha cherehani nirudi Kitui."

"Sasa mbona ulimpa?"

Alinishangaa kidogo, kama nimemuuliza kitu ambacho mtu mzima hapaswi kuuliza.

"Sahra, mtoto alikuwa na njaa."

Miaka yote nilikuwa nikisimulia kisa hiki kama kisa cha Ayeeyo, na jinsi alivyomwokoa jirani yetu. Alimwokoa kweli, na nitaendelea kumwombea kwa ajili hiyo. Lakini Ayeeyo alikuwa bado hajasema neno wakati Mama Mwende alipoviringa tonge la pili. Hapakuwa na yeyote wa kumtetea, naye alijua hivyo, na bado alitaka mdogo wangu ashibe.